Ubuntu haina leseni ya kulipia kila mwaka: jua unalipia nini kabla hujatoa hela



Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni kwa laptopu moja na simu mbili, uwe Ngamiani, Chumbageni, Muheza, Pangani au popote ulipo. Kuna swali naulizwa sana, na mwezi huu nimeulizwa tena na dada mmoja anayeuza madera na khanga: "Fundi kaniwekea Ubuntu kwenye laptopu. Sasa anasema kila mwaka nimlipe elfu hamsini ya leseni. Ni kweli?"

Jibu fupi: si kweli. Ubuntu haina leseni ya kulipia kila mwaka. Ukiiweka leo nyumbani au dukani, mwakani hakuna mtu atakudai kwa sababu tu unaitumia.

Lakini usiondoke bado, maana jibu fupi peke yake linaweza kukuponza. Zipo kampuni kubwa duniani zinazochukua kitu hicho hicho cha "bure" na kukiuza kwa malipo ya mwaka, kihalali kabisa, na mabenki na serikali zinalipa. Usipojua tofauti, utapigwa mara mbili. Utalipa usichodaiwa, halafu utagoma kulipa kile kinacholinda biashara yako.

Msimamo wangu ni huu: kwenye programu huria hulipii programu, unalipia kazi ya mtu. Kila ukiombwa hela, uliza kazi yenyewe ni ipi.

MAJI YA KISIMA NA MWENYE MKOKOTENI

Chukua mfano wa kisima cha mtaa. Maji yake hayana bei, kila mtu anachota. Lakini kijana mwenye mkokoteni akikuletea madumu sita mpaka mlangoni, unamlipa. Hujanunua maji, umenunua jasho lake. Akisema "nilipe, nimesukuma", ana haki yake. Akisema "nilipe, kisima changu", huyo anakuibia mchana kweupe.

Mifumo ya Linux, ambayo Ubuntu ni mmojawapo, ndo hicho kisima. Kwa wasiojua, mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamsha kompyuta na kuendesha programu zingine zote, kama Windows. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Ufini aliyekuwa bado mwanafunzi. Leseni yake inaitwa GPL. Ndiyo, leseni ipo! Watu wengi wanadhani programu huria haina sheria. Inazo, ila zimeandikwa kwa kukupendelea wewe mtumiaji: una ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwenzako.

Na sikiliza hapa, hata kuuza inaruhusiwa. Fundi anaweza kukuuzia flashi yenye Ubuntu kwa elfu kumi na asivunje sheria yoyote. Asichoweza ni kukuambia huruhusiwi kumnakilia jirani yako, au kwamba mwaka ukiisha inakuwa haramu. Leseni hiyo haimpi fundi mamlaka ya kukufungia.

SASA WAKUBWA WANAUZA NINI?

Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Red Hat. Inatengeneza mfumo wa Linux kwa ajili ya makampuni. Mwaka 2012 iliweka rekodi ya kuwa kampuni ya kwanza ya programu huria kuingiza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Hebu jiulize, kitu ambacho msingi wake upo wazi kwa kila mtu kimefikaje bei hiyo?

Hawauzi programu. Wanauza usajili wa mwaka. Ndani ya usajili kuna apdeti zilizojaribiwa, kuna wataalamu wa kuwapigia mambo yakiharibika, na kuna ahadi kwamba toleo lako litatunzwa kwa miaka mingi. Benki haitaki kusikia "sijui". Inalipa ili usiku wa manane kuwe na mtu wa kujibu.

Na usajili huo una masharti. Unahesabiwa kwa mashine. Huwezi kulipia mashine moja halafu apdeti zake ukazisambaza kwenye mashine kumi. Ukianza kuchukua wanachokupa ndani ya huduma na kuwagawia wengine, mkataba unawaruhusu kukukatia usajili. Hapo ndo watu hubishana: GPL si inaruhusu kunakili? Inaruhusu, na kile ulichokwisha kupokea bado ni haki yako. Ila GPL haimlazimishi mtu aendelee kukuhudumia kesho. Juni 2023 Red Hat walibana zaidi jinsi ya kupata kodi chanzo ya mfumo wao, dunia ya programu huria ikachafuka kwa maneno mpaka leo.

Kuna tofauti na king'amuzi. Usipolipia kifurushi cha king'amuzi, chaneli zinakatika. Usajili wa Linux ukiisha, mashine haizimi. Inaendelea kufanya kazi, ila apdeti na msaada ndo vinasimama. Kwa hiyo ulikuwa unalipia huduma. Kila nikitaka kujua mtu ananiuzia programu au huduma, nauliza swali moja: nisipolipa mwakani, nini kinasimama?

UBUNTU PRO, HAPA NDO MAFUNDI WANAPOCHANGANYA

Ubuntu inatengenezwa na Canonical, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hata jina lenyewe ni ndugu wa "utu" wetu wa Kiswahili. Mfumo ni bure, nyumbani na ofisini.

Namba za matoleo yake ni rahisi kusoma. 24.04 maana yake ni Aprili 2024. Toleo la Aprili la kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, ni la muda mrefu na linapata apdeti za usalama kwa miaka 5 bila kulipa. Matoleo mengine yanatunzwa kwa miezi 9 tu. Mwenye duka weka lile la muda mrefu, hayo mengine waachie wanaopenda kujaribu vitu.

Juu ya hapo kuna huduma inaitwa Ubuntu Pro. Inaongeza muda wa apdeti mpaka miaka 10 na kulinda programu nyingi zaidi. Bei waliyoitangaza kwa kampuni ni dola 25 kwa mwaka kwa kompyuta ya mezani au laptopu, na dola 500 kwa seva. Lakini kwa mtu binafsi na biashara ndogo, wanaitoa bure mpaka mashine 5. Wewe mwenye laptopu moja au mbili upo ndani ya hiyo bure, kaa kwa amani.

Angalizo moja kubwa. Pro inaunganishwa kwa akaunti yenye barua pepe. Hakikisha ni barua pepe yako, siyo ya fundi. Akikusajili kwa akaunti yake, ulinzi wa mashine yako umeuweka mfukoni mwake. Mkikosana bei, anakutoa. Zile nafasi 5 ni za mwenye akaunti kwa matumizi yake, siyo vyumba vya kupangisha.

Turudi kwa dada wa madera. Nilimwambia amuulize fundi: elfu hamsini ni ya kazi gani? Kama ni kuja kila baada ya miezi mitatu, kuangalia apdeti, kunakili mafaili yake kwenye diski ya nje na kupokea simu mambo yakikwama, hiyo ni kazi, mpatane bei na akupe risiti. Kama ni "leseni ya Ubuntu" tu, asitoe hata mia.

HATA SIMU YAKO IMO HUMU

Unaweza kusema haya mambo ni ya wenye kompyuta. Kama unatumia Android, ndani ya simu yako kuna Linux. Android nayo ni huria, mtengenezaji yeyote anaweza kuichukua. Ila Play Store, Gmail na ramani za Google si sehemu ya hiyo huria. Mtengenezaji anahitaji makubaliano na Google.

Wauza simu mnakumbuka Huawei. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliibana kampuni hiyo, na simu za Mate 30 zilizotoka mwaka huo zikaja bila programu za Google. Android ilibaki, hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Kilichoondoka ni huduma za juu. Kwa muuzaji wa simu hilo si somo la darasani, ni mteja anayerudisha simu akisema Play Store haipo. Kama unauza simu au laptopu mtandaoni, andika ukweli kwenye tangazo: mfumo gani, toleo gani, na nini hakimo. Usiandike "Windows orijino" kwenye mashine ambayo hujui ilipata wapi Windows.

WINDOWS YA KUCHAKACHUA

Hapa najua nitagusa wengi. Laptopu nyingi za mtumba zinazoshuka kwetu zinawekwa Windows iliyochakachuliwa. Unalipa elfu kumi au kumi na tano, fundi anazima antivairasi, anaingiza programu ya kudanganya leseni, mnaagana.

Jiulize kwa nini antivairasi lazima izimwe kwanza. Programu za namna hiyo hazina mwenyewe anayejulikana, na nyingi zimekutwa zimebeba wezi wa maneno ya siri. Mwizi hahitaji kuvunja mlango. Anachukua kile kivinjari chako kilichokihifadhi: ukurasa wako wa biashara, barua pepe, WhatsApp iliyo wazi kwenye kompyuta. Ukurasa uliokusanya wafuasi kwa miaka minne unaamka unakuta unauza mizigo hewa kwa jina lako. Wateja wanatuma hela, mzigo hauji, na anayetukanwa ni wewe. Elfu kumi uliyookoa ipo wapi hapo?

Kuna na sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda muziki na vitabu. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina, namba za simu na mahali wanapokaa wateja wako ni taarifa binafsi, na wewe unayezihifadhi una wajibu wa kuzilinda. "Laptopu ilikuwa na kirusi" si utetezi wa kujivunia.

Mtaniambia, "Sisi wadogo, nani atatufuata Tanga huku?" Labda hakuna. Lakini kirusi hakiulizi ukubwa wa mtaji. Na mimi siongei kwa kuogopa polisi, naongea kwa hesabu ya duka.

Kabla hujachakachua, angalia kitu kimoja. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows zina leseni ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka upya Windows ya aina ile ile iliyokuja nayo na kuunganisha intaneti, inajitambua bila hila yoyote. Kuna watu wamechakachua mashine ambayo tayari ilikuwa na haki yake! Muulize fundi aangalie hilo kwanza.

Tena kumbuka Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazina sifa za Windows 11 kwa utaratibu wa Microsoft. Kwa laptopu kama hizo, Ubuntu au Linux Mint ni njia halali ya kuendelea kupata apdeti bila kununua mashine mpya.

Sidanganyi kwamba Linux inamfaa kila mtu. Kama kazi yako ni Photoshop, haifanyi kazi huko, baki na Windows na ulipie leseni yake. Ila kama unaishi kwenye kivinjari, yaani WhatsApp, Facebook, Instagram, Canva na barua pepe, pamoja na kuandika ankara na hesabu kwa LibreOffice, inatosha kabisa. Ijaribu kwa flashi kabla ya kufuta chochote, na jaribu printa yako hapo hapo, kwa sababu printa ndo huwa na vituko.

BURE NAYO INA MWISHO WAKE

Nisije nikaonekana nasifia cha bure tu. Cha bure hakina mkataba na wewe. Mfano mzuri ni CentOS. Huu ulikuwa mfumo wa bure unaofanana na ule wa Red Hat, na seva nyingi za kuhifadhi tovuti duniani ziliutumia. CentOS 8 watu walitegemea itatunzwa mpaka 2029. Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba mwisho wake ni 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba imeyeyuka kwa tangazo moja. CentOS 7 nayo ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024.

Uzuri wa uhuria ulionekana hapo hapo. Kwa kuwa leseni inaruhusu, watu walijenga AlmaLinux na Rocky Linux mwaka 2021, na wenye seva wakahamia huko bila kununua chochote. Kisima kilipofukiwa, wengine waliruhusiwa kuchimba kingine pembeni. Mfumo wa kufungwa ukifa, unasubiri mwenyewe aamue.

Kwako wewe mwenye tovuti ya duka, hii inakugusa moja kwa moja. Unalipa kila mwezi au mwaka kwa kampuni inayokuhifadhia tovuti. Waandikie leo: "Seva yangu ina mfumo gani, toleo gani, na apdeti zake zinaisha lini?" Wakijibu CentOS 7, waulize nani anaitunza sasa, maana zipo kampuni zinazouza apdeti za nyongeza kwa mifumo ya zamani. Wakikosa jibu, anza kutafuta pengine. Ile ada unayolipa ni ya kazi hiyo hiyo ya utunzaji.

NA SISI TUMLIPE FUNDI

Upande mwingine wa maneno yangu ni huu. Mafundi wengine wanabuni "leseni" kwa sababu sisi wateja hatutaki kulipia kazi. Fundi akisema "elfu thelathini, nitakaa saa tatu nahamisha mafaili yako na kukufundisha", tunasema ghali. Akisema "elfu thelathini ya leseni", tunatoa kimya kimya. Tumemfundisha uongo wenyewe. Sisi tunaouza huduma ya kufungasha na kupeleka mzigo mpaka stendi tunajua uchungu wa kuambiwa "si unaweka tu kwenye mfuko". Tumpe mwenzetu heshima tunayoidai.

Na tusisahau tunachopata. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Haikuhitaji kuomba kibali cha tajiri yeyote, kwa sababu leseni huria ilishatoa ruhusa. Hiyo ndo thamani ambayo neno "bure" halisemi.

MASWALI YA KUULIZA KABLA HUJATOA HELA

1. Nalipia programu, au nalipia kazi? Ni kazi gani, kwa muda gani?
2. Nisipolipa mwakani, nini kinasimama?
3. Akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ya nani?
4. Ni toleo lipi, na apdeti zake zinaisha mwezi gani, mwaka gani?
5. Risiti iko wapi, na imeandikwa nini?

Majibu yaandike kwenye daftari la duka, pale pale unapoandika mauzo na madeni: jina la mfumo, toleo, tarehe ya mwisho, nani anautunza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Laptopu yenye wateja wako wote ndani ni mali pia, mpe ukurasa wake.